Tanuri la Ashburnham: kiwanda cha matofali kilichozimika pamoja na jumba lake

Mwaka 1968, katika msitu mmoja wa Sussex kusini mwa Uingereza, watu walichoma tanuri la mwisho la matofali kwa kuni. Mwaka huo huo kiwanda cha Stewartby, kule Bedfordshire, kilikuwa kikitoa matofali kwa mashine usiku na mchana, kwa mamilioni. Nchi hiyo ilikuwa na zaidi ya karne moja ya makaa ya mawe, mvuke na reli, na miongo mingi ya umeme, lakini katika milki ya Ashburnham wafyatuaji walikuwa bado wanafyatua kwa kibao cha mbao, na wanalisha tanuri matita ya matawi yaliyokatwa jirani.

Watu wakisimulia habari za viwanda vidogo vya matofali vya enzi ya Malkia Victoria, maelezo huwa mepesi: mashine zilikuja, bei zikashuka, wadogo wakafa. Kwa viwanda vingi ni kweli. Kwa Ashburnham maelezo hayo hayatoshi, na ndiyo maana nimekichagua kisa hiki. Mashine zilikuja mapema na bei zilishuka mapema, na tanuri hili likaendelea kuwaka kwa zaidi ya miaka themanini baadaye. Anayetaka kujua kilichoiua kazi hii lazima aulize kwanza ilikuwa inaishi kwa nini.

Mahali penyewe

Ashburnham ipo upande wa mashariki wa Sussex, magharibi ya mji mdogo wa Battle, ambao jina lake limetokana na vita vya mwaka 1066. Ni nchi ya vilima, mabonde membamba, vijito na misitu, na wenyeji wa eneo pana linalopita hapo huliita Weald. Udongo wake ni mzito. Mvua ikinyesha unanata kwenye kiatu hadi mguu unakuwa mzito, na jua likiwaka unapasuka. Mkulima anaulaani udongo huo, na mfyatuaji anaukimbilia.

Milki ilikuwa ya ukoo wa Ashburnham, ambao ulikaa hapo tangu karne ya 12, na ukapewa cheo cha kikabaila cha Earl mwaka 1730. Walikuwa na jumba kubwa, bustani iliyopangwa na Capability Brown katika miaka ya 1760, mashamba ya wapangaji, nyumba za vibarua, mazizi, maghala, kuta na madaraja. Vyote hivyo vilihitaji matofali na vigae, na kila mwaka kulikuwa na kitu cha kukarabati.

Kabla ya matofali hapo palikuwa na chuma. Weald ilikuwa kitovu cha uyeyushaji wa chuma cha Uingereza kwa karne kadhaa, kwa sababu mawe yenye madini yalipatikana kwenye udongo huo huo na makaa ya kuni yalitoka kwenye misitu hiyo hiyo. Chuma kilipohamia kaskazini kwenye makaa ya mawe, tanuri za Weald zilizimika moja baada ya nyingine. Tanuri la mwisho kabisa kuzimika katika eneo lote lilikuwa la Ashburnham, mwaka 1813.

Misitu ya Weald ilikuwa imelelewa kwa namna maalumu ili ilishe chuma. Mti ulikatwa karibu na ardhi, kisiki kikaachwa kichipue, na baada ya miaka kumi au kumi na mitano machipukizi yakawa miti membamba ya kukatwa tena. Msitu wa namna hiyo ni sawa na shamba, na usipovunwa unaharibika. Chuma kilipokufa, milki ilibaki na ekari nyingi za msitu unaochipua kila mwaka bila mlaji. Fito nene zilikuwa na wanunuzi wake: nguzo za mashamba ya hopsi (mmea unaotiwa kwenye bia), uzio, vipini vya zana. Lakini vijiti na matawi hayakuwa na thamani ya kusafirishwa popote. Yalifungwa matita, na matita yale ndiyo yaliyokuja kuwa chakula cha tanuri la matofali.

Kwa nini wakati ule

Kiwanda kilianza takriban mwaka 1840, katika siku za Earl wa nne, Bertram, ambaye wasomi wanamkumbuka zaidi kwa hazina yake ya maandiko ya kale. Ukitazama sheria za wakati ule, mwaka huo una mantiki yake.

Tangu mwaka 1784 serikali ya Uingereza ilikuwa inatoza kodi ya matofali, shilingi mbili na peni sita kwa kila elfu moja mwanzoni, kisha zaidi. Kodi ilihesabiwa kwenye matofali mabichi, kabla hayajaingia motoni. Ofisa wa kodi alikuja kuhesabu yakiwa yamepangwa kukauka, na sheria ikatoa nafuu kidogo kwa yale yatakayoharibika. Wafyatuaji wakajibu kwa kutengeneza matofali makubwa zaidi, na serikali nayo ikajibu kwa kutoza mara mbili yaliyozidi kipimo. Ugomvi huo ulidumu hadi kodi ilipofutwa mwaka 1850.

Ila kulikuwa na mlango mmoja uliofunguliwa mapema. Kuanzia mwaka 1826, vigae na mabomba ya udongo ya kukausha mashamba yenye maji yaliondolewa kodi, kwa sharti moja: kila kimoja kipigwe mhuri wa neno DRAIN. Kwa wenye milki za udongo mzito lilikuwa neno tamu. Shamba linalotuama maji halilimiki hadi mwishoni mwa majira ya kuchipua, bali ukizika mabomba ya udongo chini ya matuta, maji yanashuka, ardhi inapata joto, na ngano inaota. Mwaka 1846 Bunge likaongeza mikopo ya serikali kwa kazi hiyo. Kote kwenye nchi ya udongo mzito, milki zikaanza kujenga tanuri zake zenyewe, zichome mabomba kwa ajili ya mashamba, matofali kwa ajili ya nyumba za vibarua, na vigae kwa ajili ya paa. Huko Sussex vigae huvishwa hata kwenye kuta, vikaning'inizwa mstari juu ya mstari kama magamba ya samaki ili kuzuia mvua ya upepo.

Bomba la kukausha shamba ni zito na linavunjika. Matofali elfu moja yana uzito wa karibu tani tatu. Katika barabara za tope za Weald, gari la farasi lilitaabika na tani moja tu, na kila maili iliongeza gharama. Kwa hiyo ilikuwa nafuu kuupeleka moto kwenye udongo.

Tofali moja, tangu shimoni hadi ukutani

Aliyewahi kufyatua matofali Njombe, Mbeya, Kabale au Gitega ataitambua kazi hii haraka kuliko Mwingereza wa leo. Tofauti zipo, nazo zinafaa kuangaliwa kwa karibu.

Udongo ulichimbwa vuli na kipupwe. Ulirundikwa juani na mvuani, na baridi ya usiku ikafanya kazi ambayo jembe haliwezi. Maji yaliyo ndani ya bonge yaliganda, yakatanuka, yakalipasua bonge kutoka ndani. Kufikia majira ya kuchipua bonge gumu lilikuwa limelegea na kumomonyoka. Kisha ukaingizwa kwenye kinu: pipa lililosimama, lenye mhimili katikati na visu vilivyopangwa kuzunguka mhimili huo. Farasi alifungwa kwenye mti mrefu, akazunguka na kuzunguka, udongo na maji vikakatwakatwa na kukandwa hadi ukatoka chini ukiwa laini, wa rangi moja, bila mawe wala mapovu ya hewa. Jiwe dogo likibaki, tofali hupasukia motoni.

Mfyatuaji alisimama mezani. Alimega donge, akaligaragaza kwenye mchanga mkavu, akalitupa kwa nguvu ndani ya kibao ambacho nacho kimenyunyizwa mchanga. Kutupa huko ndiko kazi yenyewe. Ukilegea, pembe hazijai. Donge likiingia sawasawa, linajaa kona zote nne kwa pigo moja. Alikata ziada kwa kijiti, akakipindua kibao, na tofali bichi likashuka juu ya ubao mwembamba. Upande wake ulikuwa na mikunjo midogo, alama ya udongo ulivyojikunja wakati wa kuingia. Mikunjo ile inabaki kwenye tofali milele. Ukiiona kwenye ukuta wa zamani unajua palipita mkono wa mtu. Mashine haikunji hivyo.

Matofali mabichi yalipangwa safu ndefu, yakaachiana nafasi za upepo, yakafunikwa yasinyeshewe. Ilichukua wiki kadhaa. Msimu wa kufyatua ulianza karibu na Aprili ukaisha Septemba, kwa sababu tofali bichi likipigwa na baridi kali linabomoka. Ndiyo maana viwanda vya namna hii viliendana na kazi za shamba na msitu: kiangazi ni kufyatua, kipupwe ni kuchimba na kukata kuni.

Halafu moto. Hapa tofauti na tanuri letu la kienyeji ni kubwa. Sisi hupanga matofali yenyewe yawe tanuri, tukaacha midomo chini ya kutilia kuni, tukakandika nje kwa udongo, na moto ukiisha tunabomoa tanuri lote kwa kubeba matofali. Tanuri la Weald lilikuwa la kudumu: kuta nene za matofali, mstatili, wazi juu, na chini yake mapango ya moto yaliyojengwa kwa matao. Matofali mabichi yalipangwa ndani kwa ufundi, kila safu ikiachia moto njia ya kupanda. Juu yalifunikwa kwa matofali na vigae vilivyokwishachomwa.

Siku ya kwanza moto ulikuwa mdogo makusudi. Hata tofali lililokauka kwa wiki tano lina maji ndani yake, na yakichemka kwa ghafla yanalipasua. Basi walipasha taratibu, na moshi mweupe mzito wa mvuke ukapanda juu ya miti. Walingoja moshi ule ubadilike. Ulipokuwa mwepesi na mkavu, walijua maji yamekwisha, na hapo ndipo matita yalisukumwa mdomoni kwa uma mrefu, moja baada ya jingine, mchana na usiku, kwa sababu vijiti vyembamba huwaka kwa nguvu na kuisha haraka. Miale ya vijiti ni mirefu, nayo hupenya kati ya matofali na kufika juu, jambo ambalo gogo nene halifanyi. Kile kilichokosa soko kilikuwa ndicho hasa tanuri lilichokihitaji.

Hakukuwa na kipima joto. Mchomaji alisoma rangi ya moto, na alitazama jinsi rundo lilivyokuwa linashuka. Udongo ukiiva hunywea, na tanuri zima hudidimia. Likishuka kiasi anachokijua yeye, limeiva. Aliyekesha kwenye tanuri anaelewa uzito wa uamuzi ule: ukizima mapema unapata matofali ya rangi ya samoni yanayoyeyuka mvuani, ukichelewa unapata mabonge yaliyoshikana. Mtu mmoja, saa nane za usiku, macho yamewiva kwa moshi, anaamua juu ya kazi ya miezi ya watu wote.

Majivu ya kuni yana chumvi za potasi. Ndani ya tanuri chumvi zile hupanda na moto na kutua kwenye nyuso za matofali yaliyo karibu na miali, zikachanganyika na mchanga wa udongo, zikawa ngozi nyembamba ya kioo, ya rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Udongo wa Weald wenye chuma hutoa tofali jekundu, lakini kichwa cha tofali kilichotazama moto hutoka na kung'aa kijivu. Waashi wa Sussex hawakuyatupa. Waliyageuza vichwa vikatazama nje, wakayapanga moja jekundu moja la kijivu, na ukuta ukawa na madoa kama kanga. Tofali lililochomwa kwa makaa ya mawe halina ngozi hiyo. Mtu akitaka kukarabati ukuta wa namna ile leo anajikuta akitafuta kitu ambacho kilikuwa zao la bahati la kuni.

Mikono iliyobeba

Itakuwa dhambi kusifu ufundi huu bila kutaja gharama yake kwa wanyonge. Kazi ya matofali katika Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na sifa mbaya, na aliyeianika alikuwa mtu wa ndani.

George Smith alizaliwa mwaka 1831 huko Tunstall, Staffordshire, mtoto wa mfyatuaji. Akiwa na miaka tisa alikuwa tayari anabeba udongo kichwani. Alieleza baadaye kuhusu usiku mmoja ambapo, baada ya kazi ya kutwa, alitakiwa kubeba matofali mabichi 1,200 kutoka mezani kwa mfyatuaji hadi uwanja wa kukaushia. Alitembea si chini ya maili kumi na nne usiku ule. Malipo yalikuwa peni sita.

Alipokua akawa meneja wa kiwanda cha Coalville, na hakusahau. Aliwapima watoto kwenye mizani na kupeleka takwimu kwa wakubwa. Mmoja wao, mwenye miaka minane na kidogo, alikuwa na uzito wa ratili 52 na nusu, karibu kilo 24. Mzigo wa udongo aliobeba kichwani ulikuwa ratili 43, yaani kilo 19 na ushee. Alitembea wastani wa maili 15 kwa siku, saa 73 kwa wiki. Ukisoma tarakimu hizo inabidi usimame kidogo. Mtoto alikuwa anabeba karibu mtoto mwingine kama yeye, kutwa nzima.

Mwaka 1871 Bunge lilipitisha sheria, na kuanzia tarehe 1 Januari 1872 wasichana chini ya miaka 16 na watoto wote chini ya miaka 10 walikatazwa kufanya kazi kwenye viwanda vya matofali na vigae. Smith alipoteza kazi yake Coalville na akaishi kwa dhiki miaka mingi.

Ninamtaja hapa kwa sababu ya uchambuzi, mbali na heshima yake. Urahisi wa tofali la mashambani ulisimama juu ya miguu minne: udongo wa bure, kuni za bure, mteja aliye jirani, na mikono isiyolipwa vizuri. Sheria ya 1871 ilianza kuukata mguu mmoja kila mahali.

Mshindani aliyetakiwa kuliua

Mwaka 1881, katika kijiji cha Fletton karibu na Peterborough, walichimba wakapita udongo wa juu na kukuta chini yake udongo mgumu, wa kijivu, wenye mabaki mengi ya viumbe vya bahari ya kale. Mabaki yale yana mafuta ndani yake. Tofali la Fletton likishapata joto la kutosha hujichoma lenyewe kwa sehemu kubwa, na kiasi cha makaa kinachohitajika hushuka sana. Tena udongo ule ulikuwa mkavu vya kutosha kusagwa na kushindiliwa kwa mashine moja kwa moja, bila wiki za kukaushia. Ongeza tanuri la Hoffmann, lililosajiliwa mwaka 1858, ambalo moto wake huzunguka chumba hadi chumba bila kuzimwa, na reli iliyopita jirani kuelekea London. Baada ya hapo bei ya tofali haikuwa tena suala la kijiji. Kufikia miaka ya 1930, kiwanda cha Stewartby peke yake kilikuwa kikubwa kuliko vyote duniani, chenye wafanyakazi takriban 2,000 na uwezo wa kutoa matofali milioni 500 kwa mwaka.

Viwanda vya mashambani vilianguka mbele ya nguvu hiyo. Kisha vita vikaja mwaka 1939, pamoja na amri ya kutoonyesha mwanga usiku. Tanuri lililo wazi juu linawaka kama mwenge, na rubani wa adui analiona kutoka mbali. Viwanda vingi vya Sussex vilifunga wakati huo na havikufunguliwa tena.

Ashburnham ikapita katikati ya yote hayo. Fletton ilianza 1881, na kuni zikaendelea kuwaka Ashburnham hadi 1968. Kama bei ndiyo iliyoamua, tanuri hili lingezimika kabla ya Malkia Victoria mwenyewe hajafa.

Jiko la nyumbani

Rai yangu ni kwamba Ashburnham haikuwa biashara kwa maana ambayo Fletton ilikuwa biashara. Ilikuwa jiko la nyumbani. Jiko la nyumbani halifungwi kwa sababu hoteli ya jirani inauza wali kwa bei nafuu. Unga umo ndani, kuni zimo uani, wapishi wapo, na walaji ni wenye nyumba. Hesabu yake haifanywi kwa shilingi ya sokoni.

Milki haikununua udongo wala matita. Kama matita yasingechomwa yangeoza, na msitu usipokatwa unaharibika, kwa hiyo tanuri lilikuwa sehemu ya kuutunza msitu. Wafanyakazi walikuwa watu wa milki, wakaao kwenye nyumba za milki. Na mteja mkuu alikuwa milki ile ile. Jumba lenyewe lilivishwa upya kwa matofali mekundu katika miaka ya 1850, baada ya gamba la saruji aliloliweka msanifu George Dance mwanzoni mwa karne kuharibika. Wakati huo tanuri la milki lilikuwa tayari linafanya kazi. Mashamba, maghala, vyumba vya kukaushia hopsi na nyumba za wapangaji havikukoma kuhitaji matofali. Tena vilihitaji yale yale, ya kipimo kile na rangi ile, kwa sababu Fletton la waridi lisilo na madoa hupiga kelele kwenye ukuta wa Weald.

Linganisha na Freshfield Lane, kiwanda kingine cha Sussex kilichoanza mwaka 1899, ambacho kimedumu hadi zama zetu. Kile kiliishi kwa soko: kiliwauzia wajenzi wa nje tofali lenye sura ya Sussex, kwa watu waliokuwa tayari kulipa zaidi kwa ajili ya sura hiyo. Mlango wake ulitazama barabarani. Mlango wa Ashburnham ulitazama jumba.

Na hapo ndipo udhaifu ulipokuwa. Mwenye jiko la namna hiyo hafi kwa ushindani, anakufa nyumba ikifa.

Mwaka 1953 alifariki Lady Catherine Ashburnham, binti wa Earl wa tano na mtu wa mwisho wa ukoo. Hakuwa na mtoto. Milki ilimwendea jamaa yake, kasisi John Bickersteth, pamoja na kodi ya mirathi, ambayo katika Uingereza ya baada ya vita ilikuwa nzito kiasi cha kuvunja milki nyingi za kale. Vitu vya jumba viliuzwa kwenye mnada. Sehemu ya ardhi ikauzwa. Mwaka 1959 sehemu kubwa ya jumba ikabomolewa, kwa sababu ilikuwa imechoka na hakuna aliyeweza kuibeba, na mwaka 1960 Bickersteth akakabidhi kilichobaki kwa wakfu wa Kikristo, ambao umekuwa ukikitumia kwa maombi na mafungo.

Sasa itazame ile miguu minne. Mikono ya bei rahisi ilikwisha zamani. Mteja mkuu, ile milki moja yenye mamia ya paa za kutunza, alikuwa amevunjika vipande. Msitu ulipokosa mpango mmoja wa kukatwa na mwenye kuusimamia, kuni zikaacha kuwa za bure, kwa sababu mtu wa kukata na kufunga matita alihitaji mshahara wa miaka ya 1960. Udongo tu ndio ulibaki pale pale, na udongo peke yake haujichomi. Huu si wa Fletton.

Mtu anaweza kuuliza mbona ilichukua miaka kumi na mitano tangu kifo cha bibi yule hadi tanuri kuzimwa. Naona jibu lipo katika aina ya kazi yenyewe. Ufundi ulikuwa mikononi na machoni mwa wazee, na wazee huendelea na wanachokijua maadamu kuna anayewaambia chomeni. Nyumba za kale zilizozunguka bado zilitaka matofali ya kurekebishia. Kazi ya namna hii hunyauka polepole. Kila mwaka uchomaji unapungua, kila anayestaafu hana wa kumrithi, na mwishowe kunabaki moto mmoja ambao wenyewe pengine hawakuuita wa mwisho walipokuwa wanauwasha.

Ndiyo maana sikubali kuweka mwaka 1968 kama tarehe ya kifo. Kwangu tarehe ni 1953. Mwaka 1959, nyundo zilipoangukia jumba, ulikuwa mazishi ya mteja. Mwaka 1968 ni siku ambayo majivu yalipoa.

Jinsi ya kukitambua kiwanda kilichopotea

Ashburnham ilibahatika kudumu hadi watafiti wa historia ya viwanda walipoanza kujali, kwa hiyo wapo waliowahi kuzungumza na watu wa kazi hiyo. Mamia ya viwanda vingine vya enzi ile havikupata hata hilo. Vimebaki kwenye ramani na kwenye sura ya ardhi.

Baada ya sheria ya zaka ya mwaka 1836, sehemu kubwa ya parokia zilichorewa ramani, na mashamba yakaandikwa majina. Mahali panapoitwa Brick Field (Shamba la Matofali) au Kiln Wood (Msitu wa Tanuri) ni ushahidi, hata kama leo ni malisho matupu. Ramani kubwa za serikali za mwishoni mwa karne zinaonyesha neno tanuri na mistatili miembamba ya mabanda. Toleo linalofuata linaandika shimo la zamani la udongo. Toleo la baada ya hapo haliandiki kitu, linachora kidimbwi tu.

Ukienda na kusimama pale, tazama dimbwi lenye ukingo mmoja mkali na mwingine unaoteremka polepole. Upande unaoteremka ndio uliokuwa njia ya mikokoteni. Tafuta shimo la mnyama aliyechimba chini ya mti, kwa sababu katika udongo aliourusha nje huwa kuna vipande vyekundu. Okota kimoja, kisugue tope kwenye nyasi. Kikiwa na mikunjo ubavuni na ngozi ya kioo ya kijivu upande mmoja, umesimama karibu na mdomo wa tanuri la kuni.